Mwalimu Wilmots na Wachezaji wa Akiba



Wengi wenu hufuata habari za kandanda kwa redio, na jioni mnabishana sana juu ya walimu wa timu. Timu ikishinda, wachezaji ndio hodari. Ikishindwa, mwalimu afukuzwe! Basi leo tuzungumze juu ya mtu aliyepita pande zote mbili, Marc Wilmots wa Ubelgiji. Tutawatazama hasa wale wanaokaa benchi wakingoja, yaani wachezaji wa akiba. Tukiwaelewa hao, tutamwelewa na Wilmots mwenyewe.

Wilmots alizaliwa tarehe 22 Februari 1969 katika kijiji cha Dongelberg. Ni mtoto wa mkulima. Alicheza kiungo, yaani mchezaji wa katikati anayewaunganisha walinzi na washambuliaji. Lakini yeye alikuwa kiungo wa kupanda mbele na kufunga. Hakuwa na madoido. Alikuwa na nguvu, pumzi na ukaidi. Mwaka 1996 alikwenda Ujerumani kuchezea Schalke 04, timu ya Gelsenkirchen, mji uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe. Mashabiki wa huko walimwita "nguruwe wa vita". Kwetu jina kama hilo lingeleta ugomvi. Kwao ilikuwa sifa.

Mwezi Mei 1997 Schalke walicheza fainali ya Kombe la UEFA na Inter ya Italia, nyumbani na ugenini. Nyumbani Wilmots alipiga shuti la mbali, likawa bao pekee. Kule Milano Inter wakarudisha moja, ikabidi penalti. Penalti ya mwisho, ile ya kuchukua kombe, aliipiga yeye. Ikaingia.

Lakini turudi nyuma kidogo. Mwaka 1990 Wilmots alikwenda Italia na timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia. Alikuwa kijana wa miaka 21. Mashindano yakaisha kwa Ubelgiji, naye hajacheza hata dakika moja. Mtu wa namna hiyo anajua benchi lina uzito gani. Unavaa jezi, unapasha mwili moto, halafu unarudi kukaa. Baadaye alikuja kuwa nahodha, akaichezea nchi yake mara 70 na kufunga mabao 28. Mwaka 2002, dhidi ya Brazil, alifunga kwa kichwa kabla ya mapumziko, wakati timu zote hazijapata kitu. Mwamuzi akalikataa, akisema amemsukuma mlinzi. Brazil wakashinda 2-0. Sisi tunaona lile lilikuwa bao halali, na hata Wabrazil wengine huwa wanakubali wakiulizwa vizuri.

Alipoacha kucheza alijaribu siasa, akachaguliwa seneta mwaka 2003, lakini hakukaa sana. Mwaka 2012 akakabidhiwa timu ya taifa ya Ubelgiji. Timu hiyo haikuwa imefika Kombe la Dunia tangu ile siku ya Brazil. Yeye akaifikisha, mwaka 2014.

Kabla ya safari, mshambuliaji Christian Benteke aliumia. Watu wakangoja kusikia jina kubwa. Wilmots akamwita Divock Origi, kijana wa miaka 19 tu. Nani huyu? Ni mtoto wa Mike Okoth Origi, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya, aliyekwenda Ubelgiji kucheza mpira, na mwanawe akazaliwa huko Ostend. Wabelgiji wengi walishangaa.

Mchezo wa kwanza ulikuwa na Algeria. Ubelgiji walikuwa nyuma 1-0. Wilmots akawaingiza Dries Mertens na Marouane Fellaini. Fellaini akasawazisha, Mertens akafunga la pili. Wote wa akiba! Mchezo wa pili, na Urusi, uwanja wa Maracanã. Saa nzima inakaribia, hakuna bao. Akamtoa Romelu Lukaku, akamwingiza yule kijana. Dakika ya 88 Eden Hazard akapenya pembeni, akarudisha mpira kati, na Origi akautia wavuni. Halafu wakaja Marekani. Safari hii Lukaku ndiye aliyeanzia benchi, akaingia dakika za nyongeza. Akampa Kevin De Bruyne bao, na yeye mwenyewe akafunga. Je, hiyo yote ni bahati? Mara moja ni bahati. Mara tatu, tunasema mwalimu alikuwa anawajua watu wake.

Argentina waliwatoa kwa bao moja. Hata hivyo, Novemba 2015 Ubelgiji ilishika nafasi ya kwanza duniani katika orodha ya FIFA.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2016, Kombe la Ulaya, Ubelgiji walikutana na Wales mjini Lille. Walinzi wawili wazoefu hawakuwepo: Thomas Vermaelen alikuwa na adhabu ya kadi, Jan Vertonghen aliumia. Nafasi zao wakapewa vijana wawili wa miaka 21. Ubelgiji wakatangulia, Wales wakasawazisha. Mapumziko yalipokwisha Wilmots akamwingiza Fellaini, yuleyule wa Algeria. Haikusaidia. Wales 3, Ubelgiji 1. Golikipa Thibaut Courtois akalalamika hadharani juu ya mbinu za mwalimu. Wiki mbili baadaye Wilmots akaachishwa kazi.

Tunavyoona sisi, Courtois hakukosea sana. Mchezaji wa akiba anaweza kuziba pengo, lakini walinzi wale vijana walihitaji kupangiwa namna ya kusaidiwa tangu mchezo haujaanza. Kumjua mtu ni kazi moja, kupanga ni nyingine.

Huko mbele mambo hayakumnyookea. Ivory Coast walimchukua mwaka 2017. Novemba wakafungwa 2-0 na Morocco nyumbani Abidjan, wakakosa Kombe la Dunia. Iran mwaka 2019 hakumaliza hata mwaka. Raja ya Casablanca ni miezi michache tu. Mwaka 2024 alirudi Schalke, safari hii ofisini, kama mkurugenzi wa michezo.