Ukikata na Kutupa, Umepanda



Leo hatusemi juu ya mikopo wala kuku. Tunataka tuongee juu ya ua wa boma. Huku kwetu, kutoka Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, mtu akinunua ploti huanza kwa kuizungushia ua, na wengi wetu huchukua tawi lolote linaloota upesi. Shida huanzia hapo.

Mnaijua kaktasi ya Doldol, ile ya matunda ya zambarau? Ililetwa siku za wakoloni iwe ua. Leo imefunika malisho mengi ya Laikipia Kaskazini. Ndovu, nyani na ndege hula matunda na kueneza mbegu. Mbuzi naye akiyala, vimiba vidogo humchoma mdomo, ulimi na matumbo, na wengine hupofuka. Na mbuzi huyo ndiye karo ya mtoto!

Sasa sikilizeni vizuri. Kaktasi haifyekwi kama nyasi. Kipande kikianguka chini huota mizizi. Ukikata na kutupa kando ya barabara, umepanda. Ing'oe, okota vipande vyote, fukia katika shimo refu. Vaa glavu nene na viatu vya kufunika mguu, si pata pata.

Mahali imeshinda jembe kuna mdudu, kochinili, aliyeachiliwa Laikipia mwaka 2014. Ukiona kama pamba nyeupe juu ya kaktasi, na ukiifinya inatoa rangi nyekundu kama damu, ndiye huyo. Mahindi na maharagwe hagusi. Msimnyunyizie dawa, ingawa kazi yake ni ya polepole.

Lantana nayo ina maua mazuri, hatukatai, ndiyo maana iko kwa malango mengi. Lakini ng'ombe akila majani yake ini huharibika, na ngozi huchubuka kwa jua. Ukiifyeka tu huchipuka tena. Ing'oeni na mizizi mvua ikishalainisha udongo, kabla matunda hayajaiva, kwa maana ndege watapeleka mbegu kwa jirani. Hapo hapo pandeni nepia, pengo lisibaki.

Na je, ploti ya jirani anayekaa Nairobi? Yako ikiwa safi na yake imejaa, ni kazi bure. Kikundi kimpigie simu, kiombe ruhusa, kiingie pamoja. Kando ya barabara, tumwone chifu kwanza. Na tuanzie upande wa juu wa mto, maana maji hubeba vipande kuteremka.