Nywele za Ziada kwa Wanawake: Kipimo Kitangulie Dawa



Jambo tulilokuja kulizungumza leo si la kawaida kusemwa hadharani. Mwanamke aliyeota ndevu aghalabu hana mtu wa kumwambia. Huamka kabla ya wenzake, akajifungia na wembe na kioo. Na miezi ya Juni na Julai, baridi ya nyanda zetu inapokuwa kali, huona nafuu, kwa kuwa hakuna atakayemuuliza mbona kidevu kimefunikwa kwa skafu. Kwa sababu ya ukimya huo amekuwa mnunuzi anayewindwa kuliko wengi. Haulizi maswali dukani, hanunui mbele ya watu, na akitapeliwa hathubutu kushitaki, maana kushitaki ni kueleza alichokuwa akikitafutia dawa. Ndiyo sababu sisi, ambao kazi yetu ni kumlinda mlaji, tumeona tuliseme sisi.

Tuanze na mwili wenyewe. Ngozi ya mwanamke, sawa na ya mwanamume, ina mashina ya nywele karibu kila mahali isipokuwa viganjani, nyayoni na midomoni. Sehemu kubwa ya nywele hizo ni malaika, laini na zisizoonekana kwa urahisi. Mtoto anapobalehe, homoni ziitwazo androjeni, ambazo testosteroni ni mojawapo, hugeuza baadhi ya malaika kuwa nywele ngumu na nyeusi. Wengi hudhani homoni hizo ni za wanaume peke yao. Sivyo. Mwanamke naye anazo, hutengenezwa katika ovari na katika tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ila kwa kiasi kidogo. Kiasi hicho kikizidi, au mashina ya nywele yakiwa mepesi mno kuitikia kiasi cha kawaida, nywele ngumu huota mahali zinapoota kwa mwanamume: juu ya mdomo, kidevuni, kifuani, tumboni, mgongoni, mapajani. Hali hiyo madaktari huiita hirsutizimu. Si sawa na malaika yaliyoenea mikononi na miguuni kwa kurithi, kama mama na bibi walivyokuwa.

Mwaka 1961, huko London, madaktari David Ferriman na J. D. Gallwey walitunga njia ya kuipima kwa macho. Hukaguliwa sehemu tisa za mwili, kila sehemu ikapewa alama kuanzia 0 hadi 4. Njia hiyo, ikiwa imerekebishwa kidogo, hutumika mpaka leo, na madaktari wamekubaliana kwamba mpaka kati ya hali ya kawaida na isiyo ya kawaida hutofautiana kwa watu wa asili mbalimbali. Tunalitaja hili ili ijulikane kwamba kuna kipimo. Muuza dawa anayemtazama mama sokoni Mwanjelwa na kumwambia papo hapo kwamba homoni zake zimeharibika hajapima chochote.

Nao wanajamii wana tafsiri zao. Wapo wasemao mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya mali. Wapo wasemao ni mkali, hatawaliki. Mstari wa nywele unaoshuka kutoka kitovuni vijana wameupa jina la mapenzi, gadeni lavu, na kuusifu. Sifa si mbaya, lakini imewachelewesha baadhi ya wanawake kuuliza kwa nini hedhi haiji. Kwa upande wa wazee, nywele chache ngumu kidevuni baada ya hedhi kukoma ni jambo la kawaida kabisa: estrojeni imepungua, androjeni zimebaki. Nchi yetu imeshaona macho mekundu ya moshi wa kuni yakifanywa ushahidi wa uchawi dhidi ya wanawake vikongwe, wakauawa. Kidevu cha bibi kisije kikaongezwa katika ushahidi wa namna hiyo.

Sasa chanzo. Katika wanawake wengi wanaofika hospitali kwa tatizo hili, kinachopatikana ni ile hali ambayo madaktari huiandika kwa herufi PCOS, iliyoelezwa na Stein na Leventhal wa Chicago mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa huwapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo. Androjeni huzidi, yai halipevuki kwa wakati, hedhi hupishana au hupotea kwa miezi, chunusi hukataa kuondoka, na mimba huchelewa. Mara nyingi insulini nayo huwa nyingi mwilini kwa sababu mwili hauitikii ipasavyo, na insulini hiyo huichochea ovari itengeneze androjeni zaidi. Kwa hiyo nywele za kidevuni zinaweza kuwa dalili ya kwanza ya safari iendayo kwenye kisukari. Na mji wa mimba unaokaa miezi mingi bila hedhi, bila tiba, huwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ukuta wake wa ndani. Si wanawake wanene tu wanaopata hali hii. Wembamba nao huipata, na hao ndio huchelewa kushukiwa.

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mwanamke hupigwa picha ya ultrasaundi, akaambiwa ovari zake zina vifuko vingi. Neno hilo likifika mtaani hugeuka kuwa vivimbe, na kwa vivimbe ipo dawa ya kuviyeyusha, chupa kwa chupa, mwezi baada ya mwezi. Lakini vile vifuko vidogo si uvimbe. Ni vikasha vya mayai vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Hakuna cha kuyeyusha. Tena mwanamke anaweza kuwa na PCOS bila picha kuonesha vifuko, na mwingine akawa navyo asiwe na ugonjwa wowote. Hali kadhalika maneno "kusawazisha homoni", yanayopamba vibandiko na matangazo ya simu. Mwuzaji aulizwe: homoni ipi? Ilipimwa lini, ikaonekana kiasi gani? Baada ya kumaliza dozi itapimwa tena? Asiyeweza kujibu anauza maneno.

Si kila nywele ni PCOS. Zipo kasoro za kurithi za tezi za adrenali, upo ugonjwa wa Cushing, na wapo wanawake ambao hedhi zao ni sawa na vipimo vyao ni sawa, ila mashina ya nywele yao ni mepesi kuitikia. Baadhi ya dawa pia huhusika: danazoli, testosteroni na dawa za kutunisha misuli, na valproeti inayotolewa kwa kifafa, ambayo inaweza kuandamana na dalili za PCOS. Anayetumia dawa ya kifafa asiiache ghafla kwa kusoma maneno haya. Amwambie daktari wake. Lakini zipo dalili zisizongoja. Nywele zikiota kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, nywele za utosini zikapungua kama za mwanamume, kinembe kikakua, huenda kuna uvimbe wa ovari au wa adrenali unaotoa androjeni. Ni nadra, lakini mwanamke huyo aende hospitali wiki hiyo hiyo, na asipotezewe muda na chupa ya mtu yeyote.

Upo mzunguko mwingine tunaokutana nao hasa katika miji yetu iliyo karibu na mipaka ya Tunduma na Kasumulu, kunakopita bidhaa za kila namna. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi zimepigwa marufuku nchini, lakini bado hupenya. Steroidi kali ikipakwa usoni kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta chunusi, na huotesha nywele pale pale inapopakwa. Mama huona nywele, hununua krimu ya kuziondoa, uso huungua, hununua ya kutuliza, nayo ina steroidi. Neno "mitishamba" kwenye kopo si kinga. Uingereza, kwa mfano, wakaguzi wamewahi kupima krimu zilizouzwa kama za asili tupu wakakuta ndani yake steroidi za hospitali. Aliyetumia krimu kama hizo kwa muda mrefu na kwa eneo kubwa la mwili amwone daktari kabla ya kuziacha, kwa kuwa tezi za adrenali huenda zimelala.

Tiba ipo, lakini ina mwendo wa polepole, na hilo mnunuzi alijue mapema. Unywele uliokwisha kuota utamaliza maisha yake. Dawa huzuia wa baadaye. Kwa hiyo matokeo husubiriwa kwa takriban miezi sita, na anayeahidi wiki mbili hasemi kweli. Mara nyingi daktari huanza na vidonge vya majira vyenye homoni mbili, vilevile vya uzazi wa mpango, ambavyo hupunguza androjeni na kurudisha mpangilio wa hedhi. Havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la juu la damu, historia ya damu kuganda, au kipandauso chenye kuona vimulimuli lazima aseme. Spironolaktoni, ambayo wengi huijua kama dawa ya moyo, huongezwa baadaye, lakini inaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni, hivyo haitumiwi bila uzazi wa mpango wa uhakika. Anayetafuta mimba atapangiwa njia nyingine kabisa; ndiyo maana swali la "unataka kuzaa?" hutangulia dawa. Kwa aliyezidi uzito, kupunguza hata asilimia 5 kunaweza kurudisha hedhi. Hatusemi aache ugali au viazi vya Uporoto. Tunasema soda na chai ya sukari vijiko vinne zinahesabika.

Kuna hadithi ya dawa moja isiyofahamika sana. Eflonithini ilikuwa dawa ya malale, ya ile aina ya Afrika Magharibi inayofika hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, si hii ya kwetu Tanzania. Miaka ya 1990 ilikoma kutengenezwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa mgonjwa wa malale hana fedha. Ikagunduliwa kwamba hupunguza kasi ya nywele za usoni, na mwaka 2000 Marekani ikaidhinisha krimu yake. Soko la nywele likaifufua dawa, na mwaka 2001 mtengenezaji akakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Tafakari hilo ni lenu. Krimu yenyewe haiondoi nywele, huzichelewesha tu. Ikiachwa, kwa wiki nane hivi hurudi kama awali.

Kunyoa hakuongezi nywele wala hakuzinenepeshi. Ncha iliyokatwa huwa butu tu, ndiyo inayokwaruza. Kwa hiyo mwanamke anayenyoa asijilaumu. Ila wembe uwe wake peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakizidi asilimia 11 Iringa na asilimia 9 Mbeya, ambapo wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Homa ya ini nayo hupita kwenye damu ile ile. Saluni inayotumia wembe mmoja kwa wateja wawili ikimbiwe. Kung'oa na kuvuta kwa nta huacha vipele na madoa kwenye ngozi nyeusi, na mwenye kawaida ya kuota makovu makubwa ajihadhari zaidi. Ama mashine za leza, zinazotangazwa sasa hata mbali na Dar es Salaam, mwuulize mwenye mashine ni ya aina gani. Kwa ngozi nyeusi iliyo salama zaidi ni ile iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064. Mashine zinazotumia mwanga mkali wa kawaida, zile zenye kiunzi cha mkononi kwa matumizi ya nyumbani, zinaweza kuunguza ngozi yetu. Na leza bila kutibu homoni ni kufyeka shamba huku mvua ikinyesha.

Aanzie wapi mtu? Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aombe rufaa. Kwa Iringa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kwa Mbeya ni ya Mkoa au ya Kanda. Aandike kabla ya kwenda: tarehe za hedhi za miezi sita, lini nywele zilianza, dawa na krimu zote alizotumia, na aende na makopo yake hata kama anayaonea haya. Siku hiyo asinyoe, ikiwezekana, daktari aone. Aulize bei ya kila kipimo na kitasaidia kuamua nini. Si kila homoni lazima ipimwe, lakini sukari ya damu isiachwe.

Aliyeuziwa bidhaa iliyomdhuru au isiyofanya ilichoahidi ana pa kwenda. Dawa na vifaa tiba ni kazi ya TMDA, vipodozi tangu mwaka 2019 ni kazi ya TBS, waganga na dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na tangazo la uongo ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Asitupe kopo hata likiisha. Namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, risiti, na ujumbe wa simu alioahidiwa ndani yake ndivyo vitakavyoulizwa. Nasi tunapokea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo, faraghani, na mlalamikaji anaweza kuomba apokewe na ofisa mwanamke.