Kazi Ikipewa Kontrakta, Mapatano Yabaki na Nani?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi la wafanya kazi wa reli)



Halmashauri ya tawi imetutuma tuseme machache juu ya jambo ambalo kila mtu analisema kwa kunong'ona tangu tangazo lile libandikwe ukutani: kwamba kazi ya kuosha mabehewa na kupakia mizigo huenda ikatolewa kwa kontrakta. Sisi tuliotumwa si wanasheria. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine tumefundishwa na kazi yenyewe. Lakini tumeuliza na tumesoma, tukaona kwamba jambo hili limekwisha kuwapata wenzetu wa mbali. Mwenye busara hujifunza kwa mguu wa mwenziwe uliojikwaa.

Wenzetu hao ni wafanya kazi wa viwanja vya ndege katika nchi ya Australia, watu wa kampuni kubwa ya ndege iitwayo Qantas. Hawakuwa marubani. Walikuwa watu wa chini, wale wanaopakia na kupakua mizigo, wanaovuta ndege kwa trekta, wanaosafisha ndani abiria wakisha kushuka. Sisi wa reli twawafahamu watu wa namna hiyo bila kuambiwa. Abiria hawaoni kazi yao mpaka siku ambayo haikufanywa.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege dunia nzima. Mwezi wa Agosti kampuni ilisema inafikiri kutoa kazi hiyo kwa makontrakta, na tarehe 30 Novemba 2020 ikatangaza kwamba imekata shauri. Kazi katika viwanja 10 ikatolewa. Watu walioondolewa walikuwa 1,820. Kampuni ilitoa hesabu zake: itaokoa dola za Australia milioni 100 kila mwaka, tena haitalazimika kununua mitambo mipya. Wafanya kazi waliambiwa wanaweza nao kuleta bei yao, kama kontrakta yeyote, ili waishindanie kazi yao wenyewe. Wakaleta. Ikakataliwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo. Katika nchi ile, mapatano ya kazi yana muda wake. Muda ukiwa bado, wafanya kazi hawana ruhusa ya kugoma. Muda ukiisha, wanakaa mezani na mwajiri, na wakishindwa kupatana wanaweza kugoma kwa ruhusa ya sheria. Kwa watu hao wa Qantas, mwaka wa kukaa mezani wakiwa na nguvu hiyo mkononi ulikuwa 2021. Kazi ikatolewa mwisho wa 2020. Yaani mlango ulifungwa kabla mwenye haki hajaufikia.

Chama chao, Transport Workers' Union, kilikwenda mahakamani. Sheria ya huko yasema hivi: mfanya kazi akidai kwamba ameondolewa kwa sababu ya haki zake za kazi, ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba sababu hiyo haikuwamo katika shauri lake. Jaji Michael Lee alikubali, Julai 2021, kwamba kampuni ilikuwa na sababu za biashara. Hilo hakulikana. Lakini kampuni haikuweza kumwonyesha kwamba haikutaka pia kuwazuia watu wasigome na kudai mapatano mwaka uliofuata. Kampuni ikakata rufani, ikashindwa mwaka 2022. Ikaenda mahakama ya juu kabisa ya nchi, na tarehe 13 Septemba 2023 majaji wote wakakubaliana kwamba kampuni ilivunja sheria.

Desemba 2024 kampuni na chama wakapatana fidia ya dola milioni 120. Agosti 2025 jaji akatoza kampuni faini ya dola milioni 90 juu yake, na katika hizo akaamuru milioni 50 ziende kwa chama, kwa kuwa chama ndicho kilichosimama.

Tukisikia hivyo tutapenda kupiga makofi. Ngojeni kwanza. Gawanyeni milioni 120 kwa watu 1,820: ni kama dola 66,000 kwa kichwa kimoja, na kutoka siku ya tangazo mpaka siku ya mapatano ya fidia ilipita miaka minne. Na kazi je? Kazi hawakurudishiwa. Waliomba, mahakama ikakataa. Mizigo inapakiwa na watu wa makontrakta. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mahakama ni fimbo nzuri, wala hatuidharau, lakini iko mbali. Fimbo ya karibu ni mapatano yaliyoandikwa kabla nyoka hajaingia nyumbani.

Wale tuliosoma misheni twakumbuka habari ya Yakobo na mjomba wake Labani. Yakobo alichunga kondoo miaka mingi, na Labani akambadilishia ujira mara kumi. Yakobo hakuwa mvivu, wala hakukosa akili. Alikuwa peke yake, na patano lake lilikuwa la mdomo.

Basi tuje kwetu Kenya. Sheria ya kwetu haikutuacha uchi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na kugoma, na inakipa chama haki ya kufanya mapatano. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano yakisha kuandikishwa mahakamani yanawafunga wote wawili, mwajiri na chama. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 40, yasema mwajiri anayepunguza watu lazima akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na idadi, na amlipe kila anayeondoka si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika.

Fanyeni hesabu. Mtu wa miaka 12 kazini apata siku 180. Hiyo ni nusu mwaka ya mshahara kwa miaka 12 ya jasho. Sheria ni sakafu, si paa. Anayetaka zaidi ya sakafu lazima aandike zaidi katika mapatano.

Na sasa, ndugu, twataka kusema neno moja lisilo tamu, tena twajisema sisi wenyewe. Vibarua wa kontrakta wamekwisha kuwako hapa kwetu, wale vijana wanaokata majani kando ya njia na kufagia yadi. Sisi tumewatendeaje? Wakati wa chai wanakaa upande wao na sisi upande wetu. Mmoja wao alipoumia kidole mwaka jana, tulisema huyo si wetu, akatafute mwenye kumwandika. Hatukumwuliza hata jina. Leo tunaambiwa kazi yetu itapewa wenziwe, na tunawakasirikia wao! Je, wao ndio walioandika tangazo? Kijana yule anataka unga kama sisi. Anachukua ujira mdogo kwa sababu hakuna aliyesimama naye, na sisi tulikuwa watu wa kwanza ambao wangeweza kusimama naye.

Wazee wa Mombasa walilijua jambo hili. Bandarini, mpaka miaka ya 1950, watu wengi walikuwa wakiandikwa kwa siku moja moja, asubuhi hii una kazi, kesho huna. Ujira wa kibarua ndio uliokuwa ukimvuta chini mwenye kazi ya kudumu. Ukimwacha jirani yako shimoni, kamba ya shimo hilo ipo kiunoni mwako.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, halmashauri inaleta mambo manne mbele ya mkutano huu. Mapatano yetu ya sasa yanakwisha mwisho wa mwaka, na yatupasa tuingie mezani mapema, si baada ya kazi kuondoka.

La kwanza, iandikwe katika mapatano mapya kwamba hakuna kazi ya wanachama itakayotolewa kwa kontrakta bila chama kuarifiwa miezi sita mbele na kuonyeshwa hesabu zote, za gharama na za faida.

La pili, ikiwa kazi itatolewa baada ya mazungumzo hayo, kontrakta awachukue watu wale wale, kwa mshahara ule ule, na miaka yao ya kazi ihesabiwe isipotee.

La tatu, kibarua anayefanya kazi ya aina moja na yetu alipwe kama sisi. Hili si ndoto. Australia yenyewe, Desemba 2023, ilipitisha sheria inayowawezesha watu wa kampuni zinazokodisha wafanya kazi kudai malipo yasiyopungua yale ya mapatano ya mahali wanapofanya kazi.

La nne, na hili halimhitaji mwajiri hata kidogo: kuanzia wiki hii vibarua waalikwe katika mikutano yetu, na mwenye kutaka kadi ya chama aandikishwe. Wawekwe viti, si wasimame mlangoni.

Tumesikia kwamba baadhi yetu wameitwa mmoja mmoja na kuulizwa kama watakubali kuondoka kwa zawadi kidogo. Hatumlaumu mtu. Karo ya shule haingoji, na mgonjwa nyumbani hangoji. Lakini twamwomba kila aliyeitwa asitie sahihi kabla hajamwonyesha karani wa chama karatasi ile. Ukienda peke yako wewe ni Yakobo kwa Labani. Tukienda pamoja sisi ni mapatano.

Wenzetu wa Australia walishinda katika mahakama zote, na bado mizigo inabebwa na wengine. Sisi bado tunaibeba mizigo yetu. Nafasi waliyoikosa wao iko mikononi mwetu leo, na tangazo liko ukutani.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mambo haya manne yapigiwe kura jioni hii hii kabla watu wa zamu ya usiku hawajaondoka.