Mwakinyo na Kiduku: Iwapo Pambano Lingeletwa Kirumba

Iwapo mabondia Hassan Mwakinyo wa Tanga na Twaha Kiduku wa Morogoro wangekutanishwa Mwanza, tuseme katika uwanja wa CCM Kirumba, ambako hakuna kati yao ambaye angekuwa nyumbani, hoja ya kwanza ingekuwa mizani, kwa kuwa Mwakinyo amejijengea jina katika daraja lenye ukomo wa takriban kilo 70, ilhali Kiduku alimshinda Dulla Mbabe mwaka 2020 na tena 2021 katika uzito mkubwa zaidi. Hivyo wangehitaji uzito wa makubaliano, yaani kiwango kilicho kati ya madaraja hayo, ambacho kwa kawaida humchosha zaidi anayelazimika kupunguza mwili.

Kwa rekodi ya ugenini Mwakinyo yuko mbele, maana mwaka 2018 jijini Birmingham alimshambulia Sam Eggington hadi mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya pili, ingawa mwaka 2022 yeye mwenyewe aliishia raundi ya nne mbele ya Liam Smith jijini Liverpool. Kiduku, aliyemshinda Mbabe kwa pointi za majaji, angefaidika kila raundi inapoongezeka.