Faraja Bila Muafaka: Msomaji Mbele ya "Kichwamaji"



Mhadhara huu unahusu swali moja: inakuwaje riwaya imfariji msomaji anayeikataa falsafa ya mtunzi wake? Mfano ni "Kichwamaji" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Mahali ni Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani.

Mahali hapo pana sababu. Shule ya Minaki, Kisarawe, ilianzishwa mwaka 1925 na wamisionari wa Kianglikana; msingi wake ulikuwa imani. Kituo cha elimu cha Kibaha kilianzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordic, kikiunganisha shule, afya na kilimo. Msingi wake ulikuwa maendeleo. Huko Mungu hamtupi mja wake. Huku elimu itamkomboa. "Kichwamaji" inayatilia shaka yote mawili. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu, na usomi haumwokoi. Ndugu yake Rukia anapewa mimba na Manase, kisha anafariki. Kazimoto haoni maana ya kuishi, na mwishowe anajiua. Huo ndio udhanaishi ambao wahakiki wameuona kwa Kezilahabi, wakimlinganisha na Camus na Sartre.

Na achukuliwe mwanafunzi wa kidato cha sita katika mojawapo ya shule hizo, mcha Mungu, aliyefiwa na dada yake. Matangani ameambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Anaamini hivyo, lakini maneno hayo hayajamfikia. Anasoma "Kichwamaji". Hoja zake zinamuudhi. Hata hivyo, anapoifunga, kifua kimekuwa chepesi. Je, amebadili imani? La. Je, amevutiwa na ufundi wa lugha tu? La, kwa kuwa ufundi peke yake haumlizi mtu.

Jibu linaanzia katika neno "pole". Asemaye "pole" hatoi hoja inayoweza kuwa kweli au uongo. Anatenda tendo, yaani anasogea karibu na aliyeumia. Mfiwa haulizi kwanza mtoa pole ni wa dini gani.

Jibu linakamilika katika utani. Katika misiba ya Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na sehemu za Kibaha, mtani huruhusiwa kuigiza mwendo wa marehemu, kumcheka, hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Hakuna mfiwa anayeyachukua maneno yake kuwa mafundisho. Lakini kwa kuwa mtani si wa ukoo, anaweza kutamka ambalo ndugu wanalimeza: kwamba kifo kinaudhi, na hakieleweki. Likishatamkwa, wafiwa hupumua. Kezilahabi ni mtani wa namna hiyo kwa msomaji mwenye imani.

Hapa pana hatari, na mwalimu asiifumbie macho. Maneno ya mtani si ushauri, na mwisho wa Kazimoto si njia ya kufuatwa. Mwanafunzi mwenye msiba aelezwe hivyo waziwazi, wala asiachwe peke yake na kitabu. Lakini dawa si kukificha kitabu. "Rosa Mistika" ya mwaka 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kana kwamba msomaji ni mtungi unaopokea kila kinachomiminwa ndani yake. Mhakiki anayedai kwamba aliyeguswa na riwaya lazima aikubali falsafa yake anarudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

Kezilahabi alifariki mwezi Januari 2020. Hawezi tena kujibu, lakini msomaji bado anaweza kubishana naye. Mazishi yakiisha, mtani hupewa haki yake na kila mtu hurudi kwake. Msomaji naye ampe Kezilahabi haki yake: aipokee pole bila haya, na aikatae hoja bila kuficha.