Ukienda Ugenini na Timu ya Taifa

(Maongezi na wanafunzi wa sekondari, klabu ya afya, Arusha)

Nimeambiwa na mlezi wa klabu yenu kwamba gumzo la bwenini siku hizi si mitihani, ni mpira. Safi kabisa. Basi na leo tuongee mpira.

Mwezi Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Mwezi Agosti 2025 nchi hizohizo tatu ziliandaa CHAN, na fainali ikapigwa Kasarani, Nairobi. Sasa wewe uliyekaa pale nyuma, unayeficha jezi ya Taifa Stars chini ya sweta la shule, jambo hili linakuhusu. Kwenda kushangilia ugenini si starehe ya wakubwa wenye tiketi za ndege peke yao. Kutoka hapa hadi Namanga ni kama kilomita 110. Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Ukiondoka alfajiri, mchana unakula kwa watani.

Mzazi akisikia safari hiyo, kitu cha kwanza anachosema ni hiki: "Watakupiga Wakenya!" Mimi nasema wazi, hiyo si hofu yangu kubwa. Utani wa Taifa Stars na Harambee Stars ni wa mdomo zaidi kuliko wa ngumi. Utaitwa majina, nawe utaita. Mkifungwa utachekwa mpaka mpakani. Hofu yangu mimi ni geti.

Tarehe 24 Januari 2022, pale Yaoundé, Kamerun walikuwa wanacheza na Komoro kwenye Uwanja wa Olembe. Uwanja mpya kabisa. Watu walibanana kwenye lango la kusini wakitaka kuingia. Wanane wakafa na 38 wakaumia. Kesho yake rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema kwamba geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na vita ya mashabiki. Kulikuwa na watu wenye haraka, na mlango uliofungwa.

Magazeti yetu yana neno moja kwa mambo haya: "wafa kwa kukanyagana". Neno hilo silipendi, na nitawaambia sababu. Ukisikia kukanyagana unaona picha ya watu wanaokimbia ovyo kama ng'ombe waliotishwa, wanamwangusha mwenzao na kupita juu yake. Yaani kosa ni lao, washenzi hawa! Lakini wengi wanaokufa katika misongamano hii hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa kwa kukosa hewa, na wengine wanakufa wakiwa wamesimama wima.

Hebu wote wekeni viganja mbavuni. Vuteni hewa. Mmeona mbavu zinavyotanuka? Pafu halina nguvu yake lenyewe. Linajaa hewa kwa sababu kifua kimetanuka na misuli iliyo chini yake, inayotenga kifua na tumbo, imeshuka. Sasa fikiri mbele yako kuna mgongo wa mtu, nyuma yako kuna kifua cha mtu, na nyuma yake kuna mamia wanaosukuma bila kujua huku mbele kuna nini. Unatoa hewa, kifua kinashuka, watu wanajaza ile nafasi. Unataka kuvuta tena, mbavu hazina pa kwenda. Ndani ya dakika chache umekwisha. Nguvu ya watu wanaosukumana ikijikusanya inapinda hata vyuma vya uzio, sembuse mbavu za mtoto wa kidato cha pili.

Huko Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, watu 97 walipoteza maisha kwa namna hii katika uwanja wa Hillsborough. Kwa miaka mingi mashabiki walilaumiwa, eti walevi, eti wahuni. Mwaka 2016 jopo la raia lililosikiliza ushahidi liliamua kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27 wazazi walikuwa wanazika watoto na kusikia matusi.

Basi ufanyeje? Kwanza jifunze kupima. Kama unaweza kugeuka mzima bila kumgusa mtu, hakuna tabu. Kama unaguswa pande zote, mabegani na mgongoni, hapo ondoka wakati bado miguu ni yako. Usingoje. Ukihisi unasukumwa kama maji yanavyosukuma jani, na huwezi kuamua uende wapi, umeshachelewa kidogo, lakini bado kuna la kufanya. Pandisha mikono mbele ya kifua kama bondia, viwiko vitoke nje kidogo. Hiyo ndiyo nafasi ya mbavu zako kupumulia. Usipige kelele, hewa unaihitaji. Usishindane na wimbi. Likikusukuma nenda nalo, likitulia kidogo sogea kimshazari kuelekea pembeni, hatua mbili, tatu, ngoja, tena. Kaa mbali na ukuta, nguzo na uzio, maana hapo ndipo watu wanapobanwa. Simu ikianguka, mwachie Mungu. Aliyeinama kuokota hainuki kirahisi. Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala ubavu, jikunje, funika kichwa kwa mikono. Mwenzako akianguka, mwinueni haraka, kwa sababu aliyelala chini anaangusha wa pili na wa tatu.

Sasa kwa nini nawaambia hasa ninyi mnaokwenda ugenini? Kwa sababu nyumbani unajua njia. Pale kwa Mkapa, Dar es Salaam, hata kama hujawahi kufika, una binamu anayejua mlango wa kutokea. Kasarani au Namboole humjui mtu. Wageni mara nyingi mnawekwa sehemu moja, imezungushiwa uzio na askari, ina mlango mmoja au miwili. Kwa hiyo mkifika, kabla ya ngoma na vuvuzela, fanyeni ziara. Mlango tuliongilia ni upi? Wa pili uko wapi? Choo? Watu wa Msalaba Mwekundu wamekaa wapi? Dakika kumi tu. Fikeni saa mbili au tatu kabla ya mpira kuanza, maana geti linaua dakika za mwisho, wimbo wa taifa ukishasikika ndani na wewe uko nje.

Na tiketi nunueni mahali rasmi. Tarehe 16 Oktoba 1996, huko Guatemala, wenyeji walikuwa wacheze na jirani zao wa Costa Rica kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Watu zaidi ya 80 walikufa jukwaani, na tiketi za bandia zilitajwa kuwa sababu mojawapo ya uwanja kufurika. Mlanguzi anayekuuzia karatasi nje ya uwanja anauza nafasi ambayo haipo.

Kuna na mabomu ya machozi. Julai 9, 2000, mjini Harare, Afrika Kusini ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Zimbabwe. Baada ya bao la pili chupa zikarushwa uwanjani. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi kuelekea majukwaani, watu wakakimbilia milango, na 13 wakafa. Chupa haikuua mtu. Moshi ukikukuta usisugue macho. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, tafuta upande unakotoka upepo, tembea, usikimbilie mlango ambao kila mtu anaukimbilia. Ukifika pa salama, osha macho kwa maji mengi safi. Mwenye pumu asiiache dawa yake ya kupuliza ndani ya basi. Iwe mfukoni.

Kuhusu safari yenyewe nitakwenda haraka. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, ulizeni Uhamiaji mapema, na aliye chini ya miaka 18 abebe barua ya mzazi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Ukirudi Tanzania kutoka Kenya maofisa wa afya wanaweza kuiulizia kadi. Dozi moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kadi usiitupe. Mwezi wa sita na wa saba Nairobi ni baridi, bebeni sweta, na mwenye selimundu hasa asikubali kupigwa na baridi wala kukaa na kiu. Wasichana, najua mnaacha kunywa maji ili msisumbuke na choo njiani. Matokeo yake ni kichwa kuuma na mkojo kuchoma. Mwambieni dereva asimame. Ni haki yenu, si hisani.

Na humohumo kwenye msongamano kuna mikono inayotafuta miili ya watu. Si ushabiki huo, ni udhalilishaji. Wavulana, mkiona mwenzenu anafanya hivyo, msicheke. Wasichana kaeni katikati ya kundi lenu, na ukishikwa, taja kwa sauti: "Wewe mwenye kofia nyekundu, toa mkono!" Watu wanageuka.

Haya, lile mnalolingoja. Mmeshinda, usiku wa Nairobi, kuna muziki, mtu mzuri kakuvalisha skafu ya Harambee Stars. Mnacheka? Pombe ikiingia, yale yote niliyosema ya kupima umati na kukumbuka mlango yanatoka, na kondomu nayo inasahaulika. Kama hujapanga kufanya ngono, usiku wa furaha si wakati wa kupanga. Na kama limetokea bila kinga, au mtu amekulazimisha, usione aibu ukasubiri mpaka mrudi. Nenda hospitali hukohuko. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Namba ya dharura Kenya ni 999 au 112.

Filimbi ya mwisho ikilia, kaeni. Mara nyingi askari huwazuia wageni mpaka wenyeji watoke, na vijana wetu huona wameonewa. Acheni waone. Imbeni, kuleni karanga, vaeni shati la kawaida juu ya jezi kama mmeshinda. Kisha tokeni wawili wawili mpaka kwenye basi, na basi lisiondoke kabla ya kuhesabu. Msihesabu kwa macho. Kila mmoja aitwe jina na aitike mwenyewe. Atakayeitikia kwa niaba ya mwenzake, ateremke akamlete.