Mkazi ni Nani? Haki ya Kura katika Bonde la Ufa
(Hotuba ya wakili kwa wananchi wa Salgaa, Rongai)



Hapa Salgaa hulala madereva ambao kesho watakuwa Malaba au Mombasa. Wapo pia waliokuja kuuza chai kwa msimu mmoja, wakakaa miaka ishirini. Nauliza: ni nani mkazi wa hapa, na ni nani mwenye haki ya kupiga kura hapa?

Katiba ya zamani, katika kifungu cha 43, ilidai mtu awe ameishi katika eneo la uwakilishi bungeni kwa jumla ya miezi isiyopungua mitano katika mwaka uliotangulia, au awe na kazi, biashara, shamba ama nyumba humo. Kwa maandishi, sharti hilo halikuwa kali. Lakini mapigano yaliyoanza katika shamba la Meteitei, Nandi, mnamo Oktoba 1991 yalienea hadi Molo mwaka 1992. Mkulima aliyechomewa nyumba bado alikuwa na shamba, kwa hiyo sheria ilimtambua. Ila kura ilipigwa katika kituo alichojiandikisha mtu, na njia ya kwenda huko ilikuwa na mishale. Uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 uliwakuta wengi wangali wakimbizi katika nchi yao. Walinyang'anywa kura bila hata mstari mmoja wa sheria kufutwa.

Katiba ya 2010 imeliondoa sharti hilo. Kifungu cha 83 chataka uwe raia aliye mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa huna akili timamu, wala usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Chataka pia ujiandikishe katika kituo kimoja tu, na kwamba mipango ya uandikishaji isimnyime haki raia anayestahili. Hakiulizi kabila lako, wala babu yako alizikwa wapi.

Basi anayekuita mgeni hana sheria mkononi. Lakini nanyi mnaosafiri kwenda kupiga kura "nyumbani", tafakarini: mliyemchagua kule hatawajibika kwa maji na zahanati ya hapa. Na anayelipwa ili ajiandikishe asikoishi huuza sauti ya wale wanaoishi huko.

Jiandikisheni mnakoishi. Mkihama, hamisheni na kura. Kitambulisho chako usimwachie mtu. Na siku ya uchaguzi, kila mmoja wetu ahakikishe njia ya jirani yake kwenda kituoni iko wazi, kwani haki isiyo na njia ni karatasi tupu.